Wakati wa Kuvaa na Wakati wa Kuvua: Uchambuzi wa Matumizi ya Kondomu Dhidi ya Magonjwa ya Zinaa

Tangu Ukimwi uanze kuripotiwa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1980, mjadala kuhusu kondomu umezunguka zaidi swali moja, yaani kama mpira huo unaaminika au hauaminiki, na swali hilo, ambalo limetawala mimbari, redio na vijiwe, limefunika jingine linalojitokeza karibu kila mara tafiti zinaposomwa kwa makini: kondomu huvaliwa wakati gani, huvuliwa wakati gani, na huachwa mara ngapi. Tofauti kati ya maswali hayo mawili huonekana wazi zaidi katika takwimu za mimba, kwa kuwa mimba ni rahisi kuhesabu kuliko maambukizi. Kondomu ya kiume ikitumiwa ipasavyo katika kila tendo la kujamiiana, wanawake wapatao 2 kati ya 100 hushika mimba ndani ya mwaka mmoja, ilhali kwa namna watu wanavyoitumia kwa kawaida, idadi hiyo hufika 13 hivi. Mpira ni uleule na kiwanda ni kilekile, kwa hiyo pengo kati ya 2 na 13 haliwezi kuelezwa kwa ubora wa kifaa peke yake. Wataalamu wa afya ya jamii hutenganisha uwezo wa kifaa kinapotumiwa bila kosa na matokeo yanayopatikana katika maisha ya watu, na sehemu kubwa ya ubishi juu ya kondomu hutokana na kuchanganya vipimo hivyo viwili.

Kuhusu kifaa chenyewe, hoja iliyoenea kuliko zote ni kwamba virusi ni vidogo mno hata vinapenya matundu ya mpira yasiyoonekana kwa macho. Hoja hiyo ilipata nguvu mwaka 2003 pale Kardinali Alfonso López Trujillo, aliyekuwa akiongoza Baraza la Kipapa la Familia, alipoitetea katika kipindi cha televisheni cha BBC, na Shirika la Afya Duniani likaikanusha. Ni kweli kwamba kirusi cha Ukimwi kina kipenyo cha nanomita 100 hadi 120 tu, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita, lakini kirusi hicho hakisafiri peke yake, bali hubebwa ndani ya shahawa, majimaji ya ukeni au damu, na kinachopaswa kupenya ni kimiminika hicho. Mwaka 1992 watafiti wa serikali ya Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kondomu zilitiwa kimiminika chenye chembe za plastiki za ukubwa unaokaribia wa VVU, katika mazingira yaliyofanywa kuwa magumu makusudi. Chembe zilivuja katika kondomu 29 kati ya 89, lakini hata ile iliyovuja kuliko zote ilikuwa kinga bora kwa angalau mara 10,000 kuliko kutotumia kondomu kabisa. Matokeo hayo yamekuwa yakinukuliwa nusunusu, kwa maana wapinzani hushika ile 29 na watetezi hushika ile 10,000, na msomaji wa kawaida huachwa aamue nani anasema kweli ilhali wote wawili wanasoma ukurasa mmoja.

Hata hivyo, shaka ya wananchi juu ya ubora haikuzuka hewani. Viwango vya kimataifa vinataka sampuli ya kila shehena ijazwe mililita 300 za maji ili kutafuta matundu, kisha sampuli nyingine ipulizwe hewa hadi ipasuke, na kondomu ya upana wa kawaida haipaswi kupasuka kabla ya kumeza lita 18. Pale ukaguzi unapolegea, au mnunuzi anapoamini cheti cha muuzaji bila kupima mwenyewe, bidhaa mbovu huingia sokoni. Uganda iliziondoa kondomu za Engabu, zilizokuwa zikigawiwa bure na serikali, mwaka 2004 baada ya malalamiko ya harufu na wasiwasi juu ya ubora wake, na mwaka 2019 kondomu zaidi ya milioni nne za Life Guard ziliagizwa zirudishwe baada ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya nchi hiyo kukuta matundu na uwezekano wa kupasuka. Matukio ya namna hii hutumiwa na wengi kuthibitisha kwamba kondomu hazifai, ingawa kwa haki yanathibitisha kwamba maabara ya ukaguzi ilifanya kazi yake, japo kwa kuchelewa. Uharibifu mkubwa zaidi wa tukio la 2004 ulikuwa uhaba uliofuata, kwa sababu aliyezoea kondomu ya bure hakubadilisha tabia yake ya kujamiiana wakati ghala likiwa tupu.

Jambo la pili linalopaswa kuwekwa bayana kabla ya kupima kinga ni kwamba magonjwa ya zinaa hayaambukizwi kwa njia moja. Kundi la kwanza ni la magonjwa yanayosafiri ndani ya majimaji ya mwili, nalo linajumuisha VVU, kisonono, klamidia, trikomona na homa ya ini aina ya B. Kundi la pili ni la yale yanayohamia kwa kugusana kwa ngozi au kidonda, kama kaswende, pangusa, malengelenge ya sehemu za siri na virusi vya papiloma, vinavyofupishwa kwa kawaida kama HPV, ambavyo baadhi ya aina zake husababisha saratani ya mlango wa kizazi. Kondomu hufunika uume na kukinga majimaji, hivyo hufanya kazi vizuri zaidi dhidi ya kundi la kwanza, ilhali dhidi ya kundi la pili hukinga tu eneo lililofunikwa, na kidonda kilichoko kwenye shina la uume, korodani au mapajani hubaki wazi. Uchambuzi uliounganisha data za tafiti kadhaa mwaka 2009 ulikuta kwamba wanaotumia kondomu kila mara walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 30 hivi ya kupata malengelenge, na utafiti wa mwaka 2006 miongoni mwa wanafunzi wa kike wa chuo kikuu nchini Marekani, ambao ndio kwanza walikuwa wameanza kujamiiana, ulikuta maambukizi ya HPV yakipungua kwa asilimia 70 kwa wale ambao wenzi wao walivaa kondomu katika kila tendo. Anayeahidi kwamba kondomu huzuia kila kitu anaandaa mazingira ya kutoaminiwa siku mtu atakapougua malengelenge ilhali alijikinga.

Ushahidi juu ya VVU ndio ulio tele zaidi, na unastahili kuangaliwa kwa kina. Utafiti uliofanywa Ulaya na kuchapishwa mwaka 1994 ulifuatilia wenzi ambao mmoja wao alikuwa na VVU na mwingine hakuwa navyo. Katika jozi 124 zilizotumia kondomu kila mara, hakuna mwenzi hata mmoja aliyeambukizwa, ingawa walijamiiana takribani mara 15,000 kwa jumla, na katika jozi 121 zilizotumia kwa kurukaruka, maambukizi yalifika kiwango cha 4.8 kwa kila watu 100 wanaofuatiliwa kwa mwaka. Mapitio ya tafiti za aina hiyo yaliyofanywa mwaka 2002 yalikadiria kwamba matumizi ya kila mara hupunguza maambukizi ya VVU kwa asilimia 80 hivi. Sasa yalinganishwe hayo na matokeo ya Rakai, wilaya ya kusini mwa Uganda inayopakana na mkoa wa Kagera, ambako watu zaidi ya 17,000 walifuatiliwa katika miaka ya 1990 na matokeo kuchapishwa mwaka 2001. Waliosema walitumia kondomu kila mara walikuwa asilimia 4.4 tu, na kwao hatari ya VVU ilipungua kwa asilimia 63, kisonono na klamidia kwa nusu, na kaswende kwa asilimia 29. Waliosema walitumia mara mojamoja walikuwa asilimia 16.5, na hao hawakuonekana kupata kinga yoyote, bali kisonono na klamidia viliwapata zaidi kuliko wasiotumia kabisa.

Matokeo hayo ya mwisho ndiyo kiini cha suala zima, na ni rahisi kuyasoma vibaya. Hayamaanishi kwamba kondomu huleta kisonono. Anayetumia kondomu mara mojamoja kwa kawaida ni yule anayejijua kuwa hatarini, kwa mfano mwenye wenzi zaidi ya mmoja au mwenye shaka na mwenzi wake, hivyo analinganishwa na watu ambao wengi wao hawako katika hatari kama yake. Lakini hata baada ya kuondoa athari hiyo, hoja inabaki kwamba kinga ya nusu haileti nusu ya matokeo, kwa kuwa kisonono na klamidia huambukiza kwa wepesi mkubwa na tendo moja lisilo na kinga katika kumi linaweza kutosha. Vilevile jibu la “natumia” halina uzito ule ambao mhoji hudhani linao. Tafiti nyingi za kitaifa huuliza kama kondomu ilitumika katika tendo la mwisho, na mtu aliyeivaa katikati ya tendo hujibu ndiyo bila kusema uongo, sawa na yule aliyeivua kabla ya kumaliza. Mpaka hapo takwimu humhesabu kama aliyejikinga, na anapougua lawama huangukia mpira.

Ukubwa wa kosa hilo la muda unaonekana katika mapitio yaliyochapishwa mwaka 2012, yaliyokusanya makala 50 kutoka nchi 14, ambamo waliokiri kuvaa kondomu baada ya kujamiiana kuanza walikuwa kati ya asilimia 17 na 51 kutegemea utafiti. Sababu yake haiko mbali: watu wengi hudhani hatari imo katika kumwaga shahawa, na dhana hiyo hutokana na kondomu kufundishwa kwanza kama kizuia mimba. Majimaji yanayotoka kabla ya shahawa yanaweza kubeba VVU na vijidudu vya kisonono, majimaji ya ukeni yamo tangu mwanzo, na kidonda cha kaswende hakisubiri kilele cha tendo. Kwa hiyo anayevaa kwa kuchelewa huenda akaepuka mimba na bado akapata kila ugonjwa ambao alikusudia kuukwepa.

Utaratibu sahihi wenyewe ni mfupi, na kila hatua yake ina sababu ya kimaumbile. Kabla ya kufungua, mtumiaji husoma tarehe ya mwisho wa matumizi na kuibonyeza pakiti kwa vidole ili ahisi hewa iliyomo, kwani pakiti isiyo na hewa imekwishatoboka na mpira uliomo umeanza kukauka. Kondomu husogezwa pembeni ndani ya pakiti, kisha ukingo huchanwa kwa vidole, kamwe si kwa meno wala wembe. Uume ukiwa umesimama na kabla haujagusa uke, njia ya haja kubwa au mdomo, ambaye hajatahiriwa hurudisha govi nyuma, kwa sababu govi likibanwa chini ya mpira husogea pamoja nao na kuuvuta. Chuchu ya kondomu hubanwa kwa vidole viwili ili kutoa hewa na kuacha nafasi ya shahawa, na pete hukunjuliwa hadi kwenye shina. Ikiwa pete haikunjuki, kondomu imewekwa kinyume, na hapo ndipo kosa dogo huzaa kosa kubwa, kwa kuwa wengi huigeuza na kuendelea nayo, ilhali upande uliogusa ncha ya uume sasa ndio utakaoingia mwilini mwa mwenzi. Hiyo hutupwa na mpya huchukuliwa. Baada ya kumwaga, uume hutolewa kabla haujalegea huku pete ikishikwa kwenye shina, maana mpira uliobaki ndani baada ya uume kulegea huvuja au kuchomoka. Kondomu mbili hazivaliwi kwa pamoja, na anayetoka njia ya haja kubwa kwenda ukeni huvaa nyingine. Wahudumu wa afya huonyesha haya yote kwa uume wa mbao, na tatizo la mbao ni kwamba haina haraka, haina giza na haina aibu, hivyo aliyefaulu mbele ya kielelezo hajathibitisha kwamba atafaulu chumbani.

Adui mkubwa wa mpira wa asili ni mafuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 ulionyesha kwamba sekunde 60 za kugusana na mafuta ya madini zilitosha kupunguza nguvu ya kondomu kwa takribani asilimia 90, na mafuta hayo ndiyo msingi wa mafuta ya mgando yanayopatikana karibu katika kila nyumba. Mafuta ya nazi, losheni na mafuta ya kupikia nayo hudhoofisha mpira. Kilainishi kinachofaa ni cha maji au cha silikoni, na pale kisipopatikana ni heri kutumia kondomu nyingine yenye ulainisho wa kutosha kuliko kuchovya kidole kwenye kopo la mafuta. Uke mkavu na tendo la muda mrefu huongeza msuguano, na msuguano hupasua. Dawa ya kuua mbegu iitwayo nonoksinoli-9, iliyowahi kupakwa kwenye kondomu kwa matumaini ya kuongeza kinga, ilionekana kudhuru ngozi laini ya uke, na Shirika la Afya Duniani likashauri isiendelee kuhimizwa kwa ajili ya kuzuia magonjwa. Joto nalo halipaswi kupuuzwa katika miji kama Dar es Salaam na Mombasa: kondomu hutengenezwa idumu hadi miaka mitano ikihifadhiwa mahali pakavu pasipo na jua na pasipozidi nyuzi 30 kwa wastani, na masharti hayo hayatimizwi katika pochi inayokaliwa kila siku, chini ya kiti cha bodaboda, wala katika kioski cha bati.

Kondomu ya kike, ambayo aina yake ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1993, inastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa, kwa kuwa inaweza kuwekwa hadi saa nane kabla ya tendo na hivyo kuondoa ule muda mgumu wa kusimama na kutafuta pakiti, na zile za polyurethani au nitrili haziharibiwi na mafuta. Hufunika pia sehemu ya nje ya uke, jambo linaloongeza kinga dhidi ya magonjwa ya ngozi. Bei yake na uhaba wake madukani vimeifanya ibaki jambo la miradi, na hilo ni kosa la mipango kuliko la watumiaji.

Maelezo ya utaratibu, hata yawe sahihi namna gani, yanamchukulia mtumiaji kama mtu anayeamua peke yake, na hapo ndipo mafundisho mengi hukwama. Kondomu ilitangazwa Afrika Mashariki kwa majina ya biashara kama Salama na Dume nchini Tanzania na Trust nchini Kenya, na matangazo hayo yaliifanya ijulikane kama kitu cha kijana anayetoka usiku. Yaliongeza mauzo, lakini yaliifanya iwe ngumu kuingia nyumbani, kwa maana mke anayeitaja huonekana ama ametoka nje ya ndoa ama anamtuhumu mumewe. Mwaka 2013 tangazo la televisheni nchini Kenya lililomwonyesha mwanamke aliyeolewa mwenye mpango wa kando akishauriwa atumie kondomu liliondolewa baada ya viongozi wa dini kulipinga, na pingamizi lao lilikuwa na mantiki yake, kwani tangazo lilionekana kuhalalisha uzinzi. Hata hivyo, kuondolewa kwake hakukuondoa mipango ya kando. Msemo wa mitaani kwamba pipi hailiwi na ganda lake huwa na nguvu si kwa sababu ya utamu unaodaiwa kupotea tu, bali kwa sababu humpa mwanamume njia ya kukataa bila kujieleza, na mwanamke anayemtegemea kwa kodi na chakula hana jibu fupi kama hilo.

Mafanikio makubwa yanayojulikana yalipatikana pale mzigo wa kudai ulipoondolewa mabegani mwa mtu mmoja. Katika mtaa wa Pumwani jijini Nairobi, kuanzia mwaka 1985, marehemu Profesa Elizabeth Ngugi na wenzake waliwakutanisha wanawake waliofanya biashara ya ngono, wakawaelimisha kwa pamoja, na wanawake hao wakaweza kuwakataa wateja wasiovaa kondomu kwa kuwa jirani naye alikataa. Nchini Thailand serikali ilikwenda mbali zaidi, ikaanza mwaka 1989 katika jimbo la Ratchaburi na kuufanya mpango huo kuwa wa taifa zima mwaka 1991, ambapo kila danguro lilitakiwa kutomhudumia mteja asiyetaka kondomu. Matumizi yakapanda kutoka asilimia 14 hadi 94 kufikia mwaka 1993, na magonjwa makuu matano ya zinaa yaliyoripotiwa kwa wanaume yakashuka kwa asilimia 79. Mpango huo ulilaumiwa kwa kuwatumia polisi, na lawama hiyo ina msingi, lakini unaonyesha kwamba wateja walewale waliosemekana hawawezi kubadilika walibadilika mara tu walipokosa mlango wa pili wa kubisha. Ndani ya ndoa hakuna mpango wa namna hiyo unaowezekana, na ndiyo maana ushauri unaotolewa kwa wenzi wawili wakiwa pamoja, hasa wakati wa kupima VVU, una maana kubwa kuliko mabango.

Ujio wa dawa za kuzuia VVU zinazomezwa kabla ya hatari, ambazo Kenya ilizizindua katika huduma za umma mwaka 2017, umebadilisha hesabu, kwa kuwa sasa mtu anaweza kujikinga na VVU bila kondomu. Dawa hizo hazizuii kisonono, klamidia wala kaswende, na vijidudu vya kisonono vinaendelea kujenga usugu dhidi ya dawa zilizobaki. Aidha, vituo vingi vya afya vya ukanda huu hutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili bila vipimo vya maabara. Mbinu hiyo ilipojaribiwa mkoani Mwanza na matokeo kuchapishwa mwaka 1995, ilipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa asilimia 40 hivi, na hiyo ni hazina ya kitaalamu ya Tanzania. Lakini mbinu hiyo humfikia mwenye dalili tu, ilhali wanawake wengi wenye klamidia au kisonono hawana dalili yoyote, na wengine hugundua miaka baadaye wakati mirija ya uzazi imekwishaziba.

Kondomu inapopasuka au kuchomoka, muda hurudi kuwa jambo la kwanza. Kuosha ndani ya uke kwa sabuni au dawa hakusaidii, na kunaweza kuongeza michubuko. Dawa za kuzuia VVU baada ya hatari huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza uwezo wake, kisha huendelezwa kwa siku 28, ilhali vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, vinavyojulikana mitaani kama P2, hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema. P2 hununuliwa dukani bila maswali, jambo ambalo huwafanya wengi waishughulikie mimba na kuyasahau maambukizi. Dalili za kisonono kwa mwanamume, kama zipo, kwa kawaida hujitokeza ndani ya wiki moja, kidonda cha kaswende huchukua takribani wiki tatu, na kipimo cha VVU kinachofanywa siku chache baada ya tukio huonyesha hali iliyokuwapo kabla yake tu, hivyo hurudiwa baada ya miezi mitatu.